Mtumishi Akiomba Programu, Ajibiwe Leo

(Hotuba kwa maafisa TEHAMA na maafisa utumishi, Morogoro)

Mwenyekiti wa kikao, wakuu wa idara mliofika, maafisa utumishi, maafisa TEHAMA wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Habari za mchana.

Nimepangiwa muda mbaya kuliko wote, baada ya chakula, na mada yangu kwenye ratiba imeandikwa "Udhibiti wa Maduka ya Programu katika Kompyuta za Kazini". Ukisoma kichwa kama hicho huku umeshiba pilau, usingizi ni halali yako. Kwa hiyo nitaanza na jibu, ili mwenye kusinzia asinzie akiwa nalo. Duka la programu lililomo ndani ya kompyuta ya ofisi msilifunge tu mkaondoka. Lidhibitini, na udhibiti wenu mwupime kwa jambo moja: mtumishi akiomba programu, anajibiwa baada ya muda gani? Ofisi inayojibu siku hiyo hiyo inajua kilichomo kwenye kompyuta zake. Ofisi inayojibu baada ya wiki tatu haijui, hata kama imefunga kila kitu, maana watu wake wameshapata njia nyingine ya kumaliza kazi zao.

Nitazungumzia zaidi Microsoft Store, kwa sababu kompyuta nyingi za ofisi zetu ni za Windows. Duka hilo lilikuja na Windows 8 mwezi Oktoba 2012 likiitwa Windows Store, na mwaka 2017 likapewa jina la sasa. Wenye Mac wana duka lao tangu Januari 2011, wa Ubuntu, mfumo mbadala wa Windows, wana Snap Store, na vivinjari navyo vina maduka ya viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa ndani ya kivinjari. Hilo la vivinjari nitalirudia, kwa sababu huwa tunalisahau.

Tuanze na mtumishi mwenyewe. Anaenda dukani kutafuta nini? Sisi wa TEHAMA tuna picha moja kichwani, ya kijana wa mapokezi anayetafuta gemu. Wapo, sikatai. Lakini nenda ukakae masijala asubuhi moja, au kwa wahasibu, au kitengo cha manunuzi. Utasikia neno moja tu: PDF. Kuunganisha PDF tatu ziwe moja. Kupunguza ukubwa wa faili ili mfumo ulikubali. Kugeuza PDF iwe Word ili mtu asichape upya kurasa kumi na mbili. Afisa manunuzi ana nyaraka za kupandisha kabla ya saa kumi jioni, faili limegoma, na wewe afisa TEHAMA uko safarini Dodoma. Unategemea atafanya nini?

Huyo mtu wa PDF namwogopa kuliko mcheza gemu. Akiandika herufi hizo tatu dukani anapata programu za bure nyingi, na baadhi yake hazifanyi kazi ndani ya kompyuta. Zinalichukua faili, zinalipeleka kwenye seva ya mwenye programu, popote alipo duniani, linabadilishwa huko, kisha linarudi. Na faili lenyewe ni orodha ya mishahara, ina majina, namba za NIDA na akaunti za benki. Hapo hakuna kirusi. Antivairasi haitapiga kelele. Programu imefanya kile kile ilichosema itafanya. Ila nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya mipaka. Siku Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikiuliza, itaiuliza taasisi. Kusema "ilikuwa programu ya bure tu" haitakuwa utetezi.

Kitu cha pili wanachotafuta ni WhatsApp. Tuseme ukweli, nusu ya vikao vya ofisi zetu vinaitishwa kwenye makundi ya WhatsApp, na barua inaruka huko ikiwa picha kabla haijagongwa muhuri. Programu ya WhatsApp ya kompyuta za Windows inapatikana kupitia Microsoft Store. Afisa analifunga duka, anaridhika. Mtumishi anafungua WhatsApp Web kwenye kivinjari, anatuma mafaili yale yale kwa watu wale wale. Hapo sioni kilichozuiwa. Kama taasisi haitaki nyaraka zipite WhatsApp, iseme hivyo kwa waraka na iweke njia mbadala inayofanya kazi. Duka halihusiki na ugomvi huo.

La tatu ni VPN za bure, programu zinazopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mtu mwingine, na hapa sina huruma. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo ikitaka wanaohitaji kutumia VPN wazitolee taarifa na kuzisajili. Mtu anayeweka VPN ya bure kwenye kompyuta ya ofisi ili aangalie mpira anapitisha mawasiliano ya ofisi kwa mtu asiyemjua, na anaiingiza taasisi kwenye swali la kisheria ambalo haikulitafuta. Zuieni, na msione haya kuzuia.

Sasa kuna wenzetu wanaosema: lakini kilichoko dukani kimeshakaguliwa na Microsoft wenyewe. Kimekaguliwa, ndiyo, na bado vibaya vinapenya. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni ya usalama ya Symantec walieleza jinsi walivyokuta humo programu nane zinazotumia kompyuta ya mtu kuchimba sarafu za kidijitali kimyakimya. Mwaka 2022 Check Point, kampuni nyingine ya usalama, walieleza programu hasidi waliyoiita Electron Bot, iliyoingia kwenye kompyuta zaidi ya 5,000 katika nchi 20, na ilisafiri ndani ya magemu yaliyokuwa kwenye duka hilo hilo, mengine yakijifanya Temple Run na Subway Surfers. Watu wa Ubuntu nao wasitabasamu. Mei 2018 gemu lililoitwa 2048buntu lilikutwa Snap Store likichimba sarafu vile vile.

Lakini msiondoke hapa mkasema nimewaambia duka ni hatari. Swali ni hatari kuliko nini? Mbadala wa duka, katika ofisi nyingi ninazozifahamu, ni flashi. Ni flashi iliyotoka kwa fundi mtaani, yenye Office iliyokrakiwa, na maelekezo ya kuzima antivairasi kwanza ndipo "ikubali". Ukilinganisha na hiyo, duka ni mahali pasafi. Ndiyo maana mwaka 2017 Microsoft walitoa Windows 10 S, isiyopokea programu yoyote isipokuwa ya kutoka dukani. Duka hilo hilo ambalo afisa mmoja analiona ndiyo tundu, mwingine amelifanya kuwa mlango pekee. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea nani anaamua kinachopita.

Nije kwenye kufunga kwenyewe, maana najua wengi mmekuja na hilo.

Kuna imani kwamba ukimnyang'anya mtumishi haki za admini, yaani ruhusa ya kubadili mfumo wa kompyuta, umemaliza. Ni hatua ya lazima, na ambaye hajaifanya aifanye kabla ya kunisikiliza zaidi. Lakini programu za Microsoft Store kwa kawaida hujiweka kwenye akaunti ya mtumiaji bila kuuliza nenosiri la admini. Zimetengenezwa hivyo kwa makusudi. Na zipo nyingine zisizo za dukani zenye tabia hiyo hiyo. Chrome, kwa mfano, ikikosa ruhusa inajiweka ndani ya folda ya mtumiaji na maisha yanaendelea.

Halafu kuna ile sera ya kuzima duka kwa Group Policy, yaani mipangilio ya Windows ambayo afisa TEHAMA huiwekea kompyuta za ofisi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo ripoti zetu nyingi zinapodanganya bila sisi kujua. Kuanzia toleo 1511 la Windows 10, la Novemba 2015, sera hiyo haifanyi kazi kwenye Windows Pro. Inafanya kazi kwenye Enterprise na Education, matoleo ya taasisi kubwa na ya shule. Watu walipolalamika mwaka 2016, Microsoft walijibu kwamba si hitilafu, ndivyo walivyokusudia. Sasa tazameni kompyuta zetu. Nyingi ni Pro, na nyingine ni Home iliyokuja na mashine ya mtumba kutoka Kariakoo. Afisa ameweka sera, ameandika "duka limefungwa", mkaguzi ametia tiki, na duka liko wazi mpaka leo. Hiyo Pro yenyewe, inayouzwa kama toleo la kazini, kuna wakati ilikuwa inakuja na Candy Crush kwenye menyu ya Start. Nisiwaseme sana, lakini ukiuziwa zana ya kazi ikiwa na gemu ndani, unajua muuzaji alikuwa anamfikiria nani.

Wengine, kwa hasira, wanaling'oa duka zima kwa amri ya PowerShell, chombo cha Windows cha kuandikia amri. Microsoft hawaungi mkono njia hiyo, na kulirudisha ni kazi ya kukesha. Lakini ubaya wake mkubwa uko kwingine. Tarehe 30 Juni 2020 Microsoft walitangaza mapengo mawili ya usalama, CVE-2020-1425 na CVE-2020-1457, kwenye sehemu ya Windows inayosoma video na picha. Picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuendesha msimbo wake kwenye kompyuta yako. Waliohusika ni wale waliokuwa wameweka kodeki za hiari za HEVC, vijiprogramu vya kufungulia video za aina hiyo. Dawa yake haikuja kwa Windows Update kama tulivyozoea. Ilikuja kupitia Microsoft Store. Aliyekuwa na kodeki hizo na ameling'oa duka, dawa ikampita. Na hata leo, Photos, Kikokotoo na Notepad hupata masasisho kwa njia ya duka. Anayelikata duka bila kuangalia masasisho anaongeza tatizo.

Na hata ukilifunga vizuri, pembeni kuna winget, chombo cha amri kilichofikia toleo la 1.0 Mei 2021, kinachoweza kuweka programu bila mtu kufungua dirisha la duka. Kuna pia tovuti ya duka hilo, inayotoa mafaili madogo ya usakinishaji. Msiniamini mimi. Mkirudi, ingieni kwenye kompyuta moja kwa akaunti ya mtumishi wa kawaida, mjaribu njia zote tatu: dirisha la duka, winget, na tovuti. Matokeo ya jaribio hilo ndiyo ripoti ya kumpelekea mkurugenzi.

Kwa hiyo tufanyeje?

Badala ya kushika duka, shikeni kile kinachoruhusiwa kuendeshwa. Windows ina AppLocker, chombo cha kuamua programu zipi ziendeshwe, tangu Windows 7. Zamani ilidai matoleo ya gharama, lakini kwa Windows 10 kuanzia toleo namba 2004 (si mwaka) na Windows 11 zenye masasisho yake, sharti hilo la toleo limeondolewa. Kwa hiyo hata kwenye Pro zetu inawezekana. Unaweka kanuni: programu za mchapishaji huyu zinaruhusiwa, za kutoka folda ya mtumiaji haziruhusiwi, za dukani ni hizi na hizi tu. Australia, ambao mwongozo wao wa Essential Eight unasomwa na watu wa usalama duniani kote, wameuweka udhibiti wa programu miongoni mwa mambo nane ya msingi.

Ila msikurupuke. AppLocker ina hali ya kukagua tu, haizuii chochote, inaandika kwenye kumbukumbu kile ambacho ingezuia. Iacheni hivyo mwezi mzima, upite mwisho wa mwezi na mishahara, kwa sababu kuna programu ambayo mhasibu huifungua mara moja tu kwa mwezi. Hakikisheni huduma ya Application Identity inawaka, bila hiyo kanuni zote ni mapambo. Na kwa upande wa programu za dukani, msianze kuweka makatazo kabla ya kuweka kanuni za msingi zinazoruhusu vya Windows vyenyewe. Ukisahau, Jumatatu asubuhi menyu ya Start haifunguki ofisi nzima, na simu yako haitapumzika.

Wenye uwezo wa kulipia Intune, huduma ya Microsoft ya kusimamia kompyuta kutoka mbali, wana njia iliyonyooka zaidi. Unachagua programu kutoka dukani, unazipeleka kwenye kompyuta, na dirisha la duka mtumishi halihitaji tena. Lakini mkikuta mwongozo wa zamani unaowaambia muanzishe duka binafsi la taasisi kupitia Microsoft Store for Business, uacheni, huduma hiyo ilisitishwa mwaka 2023. Sera ya kuonyesha duka binafsi pekee bado ipo, na bado inafaa kuzuia watu kuvinjari duka la wote, hata kama lenyewe halina tena kitu ndani. Taasisi ndogo isiyo na bajeti inaweza kutumia winget hiyo hiyo kwa faida yake: unatengeneza faili moja lenye orodha ya programu zilizokubaliwa, na kompyuta mpya unailisha faili hilo, inajipanga yenyewe.

Na kivinjari, nilisema nitarudi. Chrome na Edge zina sera ya kuzuia viendelezi vyote halafu kuruhusu kimoja kimoja. Ni dakika chache za kazi. Kiendelezi kinachosoma kila ukurasa mtumishi anaoufungua kinaona zaidi kuliko gemu lolote.

Sasa orodha yenyewe. Hapa maafisa utumishi amkeni, maana kazi hii si ya TEHAMA peke yao. Orodha isitungwe na afisa mmoja aliyejifungia na kiyoyozi. Aende idara kwa idara aulize: kazi gani inakukwamisha? Kisha atafute chombo kinachofanya kazi hiyo ndani ya kompyuta bila kupeleka faili popote. Kwa kuunganisha na kukata PDF, PDFsam Basic ni ya bure na inafanya kazi hapo hapo kwenye mashine. Kufungua mafaili yaliyobanwa kuna 7-Zip. Video, VLC. Asiye na leseni ya Office aambiwe kuna LibreOffice, asiaibike. Na msome leseni, ndugu zangu. Programu nyingi za bure ni za bure nyumbani tu. TeamViewer na AnyDesk, tunazozipenda sana kumsaidia mtu akiwa mbali, matumizi yake ya bure ni ya binafsi. Ofisi inatakiwa kulipa.

Orodha haitatosha, kila wiki litazuka hitaji jipya. Hapo ndipo muda wa kujibu unapoamua kila kitu. Tunawahubiria watumishi kwamba mficha uchi hazai, aseme shida yake asaidiwe. Halafu akisema, tunamwambia aandike dokezo kupitia kwa mkuu wa idara, lipite masijala, lisubiri kikao. Kwa ajili ya programu ya kupunguza ukubwa wa picha! Ombi liwe na maswali matatu: programu gani, ya kazi gani, na itagusa taarifa za nani. Taarifa za watu zikihusika, afisa aangalie faili linakwenda wapi kabla ya kuruhusu. Zisipohusika na programu inatoka kwa mchapishaji anayejulikana, ruhusu leo. Ukikataa, kataa leo pia, na utoe mbadala. Na awepo mtu wa pili mwenye mamlaka hayo, kwa sababu afisa TEHAMA naye ana likizo, ana misiba, ana safari.

Neno kwa wenye bando finyu, hasa wa wilayani. Malalamiko kwamba duka linakula intaneti ni ya kweli, kompyuta thelathini zikisasisha programu asubuhi moja mtandao unalala. Kabla ya kuzima masasisho, washeni Delivery Optimization ili kompyuta zigawane zilichopakua ndani ya mtandao wa ofisi, na mpange masasisho yafanyike saa ambazo watu hawako kazini.

Nimalizie na jambo ambalo wakubwa mliokaa mbele mtanisamehe. Kanuni hizi zote huwa zinapita vizuri mpaka zinapofika kwenye laptopu ya mkurugenzi. Yeye anabaki na haki za admini kwa sababu ni mkurugenzi. Laptopu inakwenda nyumbani, mwanawe anaweka gemu, na nimeshawaeleza Electron Bot ilisafiri ndani ya nini. Kesho laptopu hiyo hiyo inafungua barua za siri na kuidhinisha malipo. Afisa TEHAMA wa daraja la chini hana ubavu wa kumwambia bosi hapana, na si haki kumtaka aseme. Kwa hiyo msamaha wowote kwenye kanuni hizi uombwe kwa maandishi, uwe na tarehe ya kuisha, na utiwe saini na huyo huyo anayeuomba, awe mkurugenzi au mlinzi. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha, ninayo hapa, mwenye kuitaka nitamtumia.

Mwenyekiti, naona umeshaangalia saa mara mbili. Naomba nikae, nipokee maswali.